Kutembea Msitu wa Ngezi

Safari ya leo ni ya miguu. Twatoka Mgogoni, kaskazini ya Pemba, na nia yetu ni kusoma habari za wazee, si katika karatasi, bali katika ardhi na miti.

Kwanza twaelekea Tumbe. Hapo palikuwa na kijiji kikubwa tangu karne ya 7 hata ya 10. Wataalamu waliochimbua ardhi yake waliona mbegu zilizoungua motoni, wakazichungua, wakatambua ya kuwa wenyeji wale walikula zaidi uwele. Jirani yake yapo magofu ya Chwaka, mji uliositawi baadaye, tangu karne ya 11 hata mwanzo wa karne ya 16. Humo mbegu nyingi zilikuwa za mpunga. Basi mtu akiuliza wazee wa huku walianza lini kupenda wali, jibu limo katika majivu ya meko ya Chwaka.

Kisha twarudi Konde na kushika njia ya magharibi mpaka Ngezi. Hapa inafaa kumfuata kiongozi wa msitu, maana yeye aijua miti kwa majina. Atatuonyesha mvule mrefu, na mpapindi, mti wa jamii ya minazi ambao asili yake ni Pemba tu.

Mbona msitu kama huu ni haba kisiwani? Sababu moja ni karafuu. Mwaka 1872 tufani kuu iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, lakini ya Pemba ikasalimika zaidi. Hapo mashamba ya Pemba yakazidi kupanuliwa, na kila shamba jipya lilidai ardhi. Ngezi nayo ilikatwa mbao, mpaka katika miaka ya 1950 ilipowekwa kuwa msitu wa hifadhi.

Tuinue macho sasa tumtafute popo wa Pemba, ambaye hapatikani mahali pengine po pote duniani. Mabawa yake yakinyoshwa hupita mita 1.5. Watu walimwinda kwa nyama, na miti aliyolalia ikakatwa, hata mwaka 1989 wakaonekana wachache mno. Ndipo wanakijiji walipoanza kulinda malalo yake, kama pale Kidike, na baada ya miaka ishirini hivi walihesabiwa zaidi ya 20,000. Faida yake ni hii: popo hula matunda, huruka mbali, na huangusha mbegu mahali papya. Amwuaye popo amwondoa mpanzi asiyedai ujira.

Twajua ya kuwa nyumba yataka kuni na boriti, na mwenye njaa hashibi kwa kivuli. Lakini msitu ukiisha, kuni nazo zitakuwa zimekwisha. Heri kupanda miti ya kuni karibu na nyumba, na kuuacha msitu wa asili ukae.

Njia yatutoa katika giza la miti hata pwani ya Vumawimbi, penye mchanga mweupe. Hapo tupumzike, na tukumbuke adabu mbili za msafiri. Asikate tawi bila ruhusa, wala asiokote kigae katika magofu. Maana kigae kikiondolewa mahali pake, hakitusimulii tena habari za wenyewe.