Jazz ya mji kasoro bahari

Mtu akiweka santuri ya Morogoro Jazz huku akisubiri tarumbeta la Louis Armstrong, atadhani ameuziwa siyo. Atakachosikia ni magita yakijibizana kwa mwendo wa rumba. Bendi ilianzishwa 1944, na neno "jazz" katika jina lake lilibeba hadhi, halikutaja mtindo wa kupiga.

Marekani ya miaka ya 1920 neno hilo lilifuatana na waliohama. Weusi waliyapa kisogo mashamba ya pamba ya Kusini wakaelekea Chicago na New York. Vijana walikunywa kwa kificho pombe iliyopigwa marufuku. Wanawake walikuwa ndio kwanza wamepata kura, 1920. Morogoro, ndiyo mji kasoro bahari, nayo ni mji wa waliohama. Reli iliufikia 1907, mkonge ukauzunguka, manamba, vibarua wa mkataba, wakaja kutoka pande zote. Jumamosi usiku watu hao walitaka mchezo usio wa kabila la mtu. Beni, ngoma ya mjini yenye magwaride na vyeo, ilikuwa imekwishafungua njia.

Sauti ilitoka Cuba. Tangu miaka ya 1930 santuri za mfululizo wa GV zilileta nyimbo za huko, na Salum Abdallah, mtoto wa Mwarabu na mama wa Kiluguru, akazisikiliza mpaka zikamkaa vidoleni. Mwaka 1948 aliunda bendi ya La Paloma, ambayo baadaye ikawa Cuban Marimba, mpinzani mkubwa wa Morogoro Jazz.

Wanaotafuta siasa ya muziki huu hukimbilia mashairi. Mimi ningeanza na daftari. Bendi nyingi za wakati ule zilikuwa klabu zenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na vyombo vilinunuliwa kwa michango. Kwa mtu ambaye serikali ya kikoloni haikumpa kura, kumchagua mweka hazina kwa kunyoosha mkono, na kumng'oa akizila hela za magita, si jambo dogo.

Kwenye milima ya Uluguru, juu ya mji, mambo yalikwenda kwa jembe. Serikali iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko: kazi ya kuvunja mgongo, iliyofukia udongo wenye rutuba na kuibua ule usiozaa. Julai 1955 watu walikataa. Polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa, na mpango ukaachwa. TANU, chama kilichopigania uhuru, ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, na miongoni mwa waasisi wake alikuwamo Mluguru, Patrick Kunambi. Chama hicho kilihitaji hasira ya mlima, na kilihitaji pia watu wa mjini waliokwishazoea kadi, ada na mikutano.

Salum alifariki kwa ajali ya gari, Novemba 1965. Kipindi hichohicho kijana Mbaraka Mwinshehe alikuwa akishika gita la Morogoro Jazz, na mwaka 1970, kwenye maonesho ya dunia ya Osaka, Japani, bendi yenye jina la Kimarekani na mwendo wa Kikuba ilipanda jukwaani, ikaimba Kiswahili kwa niaba ya Tanzania.