Makro za C: Badili Mstari Mmoja, Usisahau Mabano

Ndugu zetu wa mwaka wa kwanza wameuliza ile mistari inayoanza na alama ya # kwenye programu za C ina kazi gani. Tuanze na kitu tunachokijua sote: bei ya dukani.

Kenya ilishusha VAT kutoka asilimia 16 hadi 14 tarehe 1 Aprili 2020, wakati wa Korona, ikairudisha 16 tarehe 1 Januari 2021. Hapa Uingereza nako, kati ya Desemba 2008 na Januari 2011, kiwango kilibadilika mara tatu: 17.5 kikawa 15, kikarudi 17.5, halafu 20. Sasa chukua programu ya duka ambayo 16 imeandikwa sehemu mia. Utazibadilisha moja moja hadi lini? Na kama 16 nyingine ni idadi ya mifuko ya unga je?

Dawa yake ni makro:

#define KODI 16

Kabla kompaila haijaanza kazi, priprosesa hupita kwanza. Kila ikikuta KODI, inaweka 16. (#include nayo huingiza faili zima mahali hapo.) Serikali ikibadili kiwango, unagusa mstari mmoja, unakompaili upya, basi.

Lakini kaeni chonjo! Priprosesa haipigi hesabu. Inanakili maandishi tu, kama karani anayepiga chapa barua asiyoielewa. Tazama hii:

#define BEI(x) x + x * KODI / 100

BEI(100) inatoa 116, safi kabisa. Mteja akichukua vitu vitatu, unaandika BEI(100) * 3 ukitegemea 348. Unapata 148! Kwa nini? Kompaila imeletewa 100 + 100 * 16 / 100 * 3, na kuzidisha hutangulia kujumlisha. Mwenye duka kapoteza shilingi 200, na kompaila haikulalamika hata kidogo.

Kwa hiyo funga mabano:

#define BEI(x) ((x) + (x) * KODI / 100)

Yale ya nje yanalinda BEI(100) * 3. Yale ya ndani yanalinda BEI(100 + 50), ambayo bila hayo ingetoa 258 badala ya 174.

Ukiwa na shaka, andika gcc -E na jina la faili lako. Utaona maandishi yalivyo baada ya priprosesa kupita. Yasome hayo kwanza, ndipo uilaumu kompaila.