Geoffrey Bawa: Wakili aliyegeuka msanifu wa hoteli

WENGI hudhani kuwa kazi ya msanifu majengo hukoma pindi kuta zinaposimama na paa kuezekwa, kisha mtu mwingine huitwa kupamba vyumba. Geoffrey Bawa wa Sri Lanka aliikataa dhana hiyo. Kwake, jengo, samani, bustani na mandhari yaonekanayo dirishani vilikuwa kitu kimoja.

Bawa, aliyezaliwa jijini Colombo mwaka wa 1919, hakuanza na usanifu. Alisomea fasihi ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Cambridge, kisha sheria jijini London, na kwa muda mfupi akawa wakili nyumbani. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alinunua Lunuganga, shamba la miti ya mpira karibu na Bentota, akikusudia kuligeuza bustani. Punde akatambua kwamba alikuwa na maono lakini hakuwa na ujuzi. Alirejea darasani London, akafuzu usanifu mwaka wa 1957 akiwa na umri wa miaka 38.

Katika miaka ya 1960, serikali iliwekea vikwazo bidhaa za kutoka ng'ambo na vifaa vya ujenzi vikawa adimu. Bawa akageukia mbao, mawe, vigae vya udongo na kazi za mafundi wa nchini. Katika hoteli ya Bentota Beach, iliyojengwa mwishoni mwa mwongo huo, dari ya ukumbi wa kupokelea wageni ilipambwa kwa batiki za msanii Ena de Silva, nayo majengo yakazunguka behewa lenye maji na miti.

Hakujifunga kwenye hoteli pekee. Alisanifu makazi, shule, chuo kikuu na Bunge jipya la Sri Lanka, lililofunguliwa mwaka wa 1982.

Hata hivyo, mtihani wake mgumu ulikuwa hoteli ya Kandalama. Wenye mradi walitaka kujenga karibu na jabali la Sigiriya, lenye magofu ya ngome ya kale. Bawa aliwashawishi wahamie kando ya bwawa la kale la Kandalama. Huko nako watawa wa Kibuddha na watetezi wa mazingira walipinga vikali, wakihofia maji kuchafuliwa.

Jibu la Bawa lilikuwa katika ramani yake. Jengo liliinuliwa juu ya nguzo na kutengwa na mwamba ili maji ya mvua yapite chini yake. Paa lilipandwa mimea, na mitambaazi ikaachwa ifunike kuta. Hoteli ilipofunguliwa mwaka wa 1994, mtu aliyesimama ng'ambo ya bwawa aliiona kwa shida.

Bawa alituzwa Tuzo ya Usanifu ya Aga Khan mwaka wa 2001, akafariki mwaka wa 2003. Anayepanga kujenga hoteli ufuoni au ziwani ana swali la kumuuliza msanifu wake kabla ya kuchagua rangi ya mapazia: maji ya mvua yatapitia wapi?