Mr. Bean, DJ na Uso wa Mama

Wenye vibanda vya video, kuanzia Bariadi mjini hadi Binza wilayani Maswa, hupenda kusema kwamba Mr. Bean hahitaji DJ, yaani mtafsiri wa filamu. Filamu ya Kikorea ikiwekwa bila sauti ya Kiswahili, watu hudai hela yao mlangoni. Akiwekwa Bean, babu na mjukuu wanacheka pamoja bila mtu kuwaeleza kitu. Kauli hiyo ina ukweli mwingi. Inapokwama ni kwenye filamu yake ndefu ya kwanza, Bean, ya mwaka 1997, ambayo siku hizi inazunguka kwenye flashi na memori kadi pamoja na vipindi vyake vifupi vya televisheni. Nimeirudia filamu hiyo mara nyingi kwa sababu inaonyesha jambo ambalo vile vipindi vifupi haviwezi kulionyesha: mtafsiri wa filamu ni mwandishi wa pili wa kichekesho, na kazi yake inastahili kutunzwa.

Tuanze na vipindi vyenyewe. Rowan Atkinson alizaliwa mwaka 1955 kaskazini mwa Uingereza, akasomea uhandisi wa umeme Newcastle na kisha Oxford. Huko Oxford ndiko alikokutana na mwandishi Richard Curtis. Mwaka 1987 Atkinson alikwenda kwenye tamasha la vichekesho la Montreal, Kanada, akapanda jukwaani katika onyesho la wasanii wa Kifaransa. Alitaka kupima kama mwili na uso peke yake vingeweza kuwachekesha watu wa lugha nyingine. Kipindi cha kwanza cha Mr. Bean kilirushwa Uingereza tarehe 1 Januari 1990. Hadi mwaka 1995 vilikuwa vimerushwa vipindi 14. Cha 15, kile cha kinyozi, kilitolewa kwanza kwenye kanda za kuuzwa, bila kupitia televisheni.

Habari hiyo ya kanda inatuhusu sana. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa nacho tangu miaka ya sabini. Kwa hiyo deki ya video ilitangulia antena katika miji mingi ya Bara, na palipokuwa na jenereta na chumba cha kupanga mabenchi, palikuwa na sinema. Bean ni mtoto wa kanda, na watazamaji wengi wa Kanda ya Ziwa walimjua kwa njia hiyo.

Ufundi wake una mizizi kwa Charlie Chaplin, kwa Buster Keaton, na zaidi kwa Mfaransa Jacques Tati. Bean anapata tatizo dogo. Analitatua kwa namna inayozaa tatizo kubwa zaidi, na kamera inatuachia nafasi ya kuliona tatizo jipya sekunde moja kabla yeye hajaliona. Kicheko kinakaa ndani ya sekunde hiyo. Katika filamu ya 1997 maji ya bomba yanamrukia mbele ya suruali, mahali pabaya kabisa, wakati wakubwa wanamsubiri. Anaona mashine ya ukutani ya kukaushia mikono kwa hewa ya moto, anaisogelea kwa kiuno, na anakaa mkao ambao mtu yeyote akiingia ghafla atauelewa vibaya. Hapo hakuna neno la kutafsiri, na DJ mwenye busara hunyamaza.

Lakini filamu ndefu haiwezi kuishi kwa matukio ya namna hiyo peke yake. Inahitaji hadithi, na hadithi inaleta wasemaji. Katika hii, Bean ni mlinzi wa jumba la sanaa jijini London, mfanyakazi mbovu kuliko wote. Wakuu wake wanataka kumfukuza, mwenyekiti mzee, anayeigizwa na John Mills, anakataa, basi wanamsukumia Los Angeles wakidai kwamba ni mtaalamu wa sanaa, Daktari Bean. Huko kuna jumba lililonunua mchoro maarufu kwa dola milioni 50, nalo linamtegemea Bean aje auhutubie siku ya kuzinduliwa. Mwenyeji wake, David Langley, anayeigizwa na Peter MacNicol, anamkaribisha nyumbani, na nyumba inaanza kusambaratika.

Curtis na mwenzake Robin Driscoll waliandika mazungumzo mengi kumzunguka mtu ambaye kwa kawaida hasemi. Kwa biashara walifanikiwa sana: filamu iliyogharimu takriban dola milioni 18 iliingiza zaidi ya milioni 250 duniani. Kwa sanaa, naona sehemu za ugomvi wa familia ya Langley zinapwaya, na ile ya hospitali karibu na mwisho imevutwa kupita kiasi. Lakini tukio la mchoro ni miongoni mwa vichekesho bora vilivyowahi kupigwa picha, na lina thamani kuliko udhaifu wote huo.

Bean anaachwa peke yake na mchoro. Anaukaribia kuutazama, anapiga chafya, na mate yanatua juu yake. Anatoa leso kuyafuta, lakini leso imelowa wino uliomwagika mfukoni. Sasa uso wa mwanamke aliyechorwa una doa la buluu. Anatafuta dawa ya kuondolea rangi, anapaka, na doa linatoka. Kwa kitambo anafurahi. Kisha uso wenyewe unaanza kuyeyuka. Mwishowe anachukua kalamu na kuchora uso mwingine kwa mkono wake, wa katuni, wenye macho ya mviringo na tabasamu la kijinga.

Mtazamaji wa London au New York anaumia kwa sababu ameiona picha hiyo tangu shuleni. Mtazamaji wa Binza anamwona bibi aliyevaa gauni jeusi, amekaa ubavu kwenye kiti. Anacheka, maana kuharibu mali ya watu kunaeleweka popote, lakini anacheka nusu. Dola milioni 50 ni tarakimu tu. Hapa ndipo DJ anapoingia kazini, na ana njia mbili. Anaweza kuitaja bei tena na tena, akaipandisha sauti, hata akaigeuza kuwa idadi ya ng'ombe. Hiyo ndiyo njia rahisi. Njia ya pili ni kuwaambia watu huyu bibi ni nani.

Ni mama mzazi wa mchoraji. Jina lake ni Anna McNeill Whistler, na mwanawe James, Mmarekani aliyekuwa akiishi London, alimchora mwaka 1871. Mchoro halisi uko Paris, katika makumbusho ya Orsay. DJ akitamka mapema, kabla ya chafya, kwamba huyu ni mama wa mtu, kila kinachofuata kinabadilika uzito. Mali ikiharibiwa mtu hulipa au huomba msamaha. Kumpaka wino mama wa mtu usoni, kisha kumfuta uso mzima, ni kosa la namna nyingine. Watu watacheka huku wameshika vichwa.

Na filamu yenyewe inamwunga mkono DJ huyo. Bean anapolazimishwa kuhutubia mbele ya waandishi wa habari, hotuba yake inaishia kwa mama: kwamba mchoraji aliamini familia ni kitu muhimu, na kwamba mama huyu hakuwa mrembo hata kidogo, lakini mwanawe alikaa naye na kumchora. Hotuba hiyo yote ni maneno. Bila mtafsiri inapita kama mlio wa redio ya jirani. Mtafsiri aliyepanda neno "mama" mapema anavuna hapa, na hotuba inagusa watu kuliko ilivyowagusa wengi wa waliosikia Kiingereza chake. Ndiyo maana namwita mwandishi wa pili. Amesoma hadithi nzima, amejua mwisho wake, akarudi mwanzo kuutengenezea njia.

Kazi hii ina historia ndefu nchini mwetu kuliko deki. Kati ya 1935 na 1937 mradi wa filamu za elimu uliokuwa na makao Vugiri, katika milima ya Usambara, ukiongozwa na Meja Notcutt, ulitengeneza filamu na kuzizungusha kwa gari Afrika Mashariki na Kati. Kuanzia 1939 Waingereza walikuwa na Kitengo cha Filamu cha Makoloni, na magari yake yalionyesha filamu viwanjani huku mkalimani akisimama na kipaza sauti. Mkuu wa kitengo, William Sellers, alishikilia kwamba Mwafrika wa kijijini hawezi kufuata filamu ya mbio wala mbinu za kamera, kwa hiyo afanyiwe picha za polepole na nyepesi. Nadharia hiyo ilikuwa dharau iliyovaa joho la utaalamu. Chaplin, mwenye mbio zote na mbinu zote, alikuwa akipendwa na watazamaji hao hao.

Mkalimani wa serikali aliwekwa aeleze ujumbe. Waliokuja baadaye, katika enzi ya kanda, walimiliki hadithi. Jina kubwa kuliko yote hapa nchini ni Lufufu, yaani Derek Gaspar Mukandala, ambaye sauti yake ilisafiri kwenye kanda za VHS nchi nzima. Baadaye wakaja akina DJ Mack na DJ Murphy. Kenya wana DJ Afro, Uganda wana VJ Jingo na wengine wengi. Uganda wamefika mbali zaidi: filamu ya Wakaliwood ya mwaka 2010, Who Killed Captain Alex?, inauzwa duniani ikiwa na sauti ya VJ Emmie ndani yake, akitania na kushangilia tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuna anayeifikiria filamu hiyo bila yeye.

Kwa watu wa Simiyu, sifa hizi za DJ si ngeni. Katika mashindano ya ngoma ya Wasukuma, baada ya mavuno, vyama vya Bagika na Bagalu huchezea uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na mshindi ni anayewavuta watu wengi upande wake. Umati unahama kwa miguu. Kiongozi wa ngoma anajifunza kusoma uso wa mtazamaji anayetaka kuondoka, na kumrudisha kwa kituko, wimbo mpya au mzaha unaomtaja mtu wa hapo hapo. DJ wa kibandani akimwekea Langley salamu ya "mwadila" mdomoni anafanya kazi ile ile. Anawaambia watu kwamba mambo haya yanawahusu.

Sheria ni suala gumu, na silikwepi. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inampa mwenye filamu haki ya kuruhusu au kukataa tafsiri ya kazi yake, na tafsiri nyingi za vibandani hazikuombewa ruhusa. Mwenye filamu ana haki yake. Hata hivyo, kufuta sauti za watafsiri kusingemrudishia chochote, na kungetupotezea kumbukumbu ya namna Watanzania walivyoisikiliza dunia kwa zaidi ya miaka thelathini.

Hatari iliyo karibu zaidi ni vumbi. Kanda ya VHS ni utepe wa plastiki uliopakwa chembe za sumaku. Joto huulegeza, unyevu huuotesha ukungu, na vumbi la kiangazi cha Bariadi huukwangua kila unapopita kwenye kichwa cha deki. Kanda nyingi za watafsiri zilinakiliwa deki kwa deki, nakala ya nakala, na kila hatua ilipunguza picha na sauti. Deki zenyewe hazitengenezwi tena: kampuni ya Kijapani Funai, iliyobaki mwisho, ilisimamisha uzalishaji Julai 2016. Kila deki inayokufa leo haina mrithi dukani.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Mwenye kanda za filamu zilizotafsiriwa, awe Bariadi, Maswa, Meatu au kwingineko, asizitupe wala kuzirekodia harusi juu yake. Aziweke mahali pakavu na pa kivuli, zikisimama wima, aandike jina la mtafsiri na mwaka kama anaukumbuka, kisha atafute fundi mwenye deki nzima azihamishie kwenye kompyuta. Na vyuo vyetu vinavyofundisha sanaa, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na TaSUBa ya Bagamoyo, vifungue milango vizipokee kanda hizo, na viwarekodi watafsiri wenyewe wakieleza kazi yao wangali na sauti.