Mzigo Unaohama Kichwa

Sogeeni kwa Mjomba, wanangu. Leo nina mgeni. Anaitwa Mzigo wa Kuthibitisha. Hana miguu, lakini yumo katika kila mahakama, akingoja kubebwa.

“Anayesema fulani kaua, ndiye anibebe,” asema Mzigo. “Anibebe njia nzima mpaka mbele ya jaji. Mshtakiwa hutembea mikono mitupu.”

Kwa nini, Mjomba? Swali zuri hilo! Kwa sababu kumsingizia mtu ni rahisi, na jela hupoteza maisha ya mtu.

Lakini India kuna njia moja ambako Mzigo huhama kichwa.

Huko, katika ndoa nyingi, mahari hutoka kwa wazazi wa bibi harusi kwenda upande wa mume: fedha, dhahabu, hata pikipiki. Sheria ya mwaka 1961 ilipiga marufuku kutoa na kupokea. Desturi haikukoma. Wako wasiotosheka: harusi imekwisha, wao bado wanadai. Wakikosa, wanamtesa mke, wakati mwingine mpaka kifo. Mwaka 2022 pekee, polisi waliandikisha vifo zaidi ya 6,000 vya namna hii. Wake wengine huungua jikoni, kisha jamaa wa mume husema jiko la mafuta ya taa limelipuka.

Nani aliona, Mjomba? Umeuliza penyewe, mwanangu! Waliokuwa ndani ni mume, mama mkwe na mashemeji. Wazazi wa binti walikuwa mbali.

“Nikawa mzito mno,” asema Mzigo. “Walionibeba waliishia mlangoni pa nyumba ile.”

Mwaka 1986 Bunge la India likabadili sheria. Upande wa mashtaka bado ndio unaoanza safari. Uthibitishe kwamba mke alikufa ndani ya miaka 7 tangu ndoa. Uthibitishe kwamba kifo hakikuwa cha kawaida. Uthibitishe kwamba muda mfupi kabla ya kufa aliteswa na mume au jamaa zake kwa ajili ya mahari. Hapo, na hapo tu, Mzigo huhama. Mahakama ni lazima ichukulie kwamba mshtakiwa ndiye aliyesababisha kifo, mpaka yeye aonyeshe vinginevyo. Hiyo ndiyo dhana ya kisheria. Akishindwa, adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 7, na kinaweza kufika maisha.

Mimi naona ni haki. Aliyekuwa ndani ya nyumba ndiye anayejua yaliyotokea ndani.

Na kama hakufanya, Mjomba? Ah, una moyo wa jaji! Anaweza kuutua Mzigo. Alete mashahidi. Alete daktari aeleze ugonjwa, kama ugonjwa ulikuwapo. Mwaka 2021, katika kesi ya Satbir Singh, Mahakama ya Juu ya India iliwakumbusha majaji wasimhoji mshtakiwa kwa kutimiza desturi tu. Wamweleze kila ushahidi unaomkabili, wamsikilize ajitetee.

Na “muda mfupi” ni siku ngapi? Sheria haikutaja. Katika kesi hiyohiyo majaji walisema si lazima mateso yawe ya papo kwa papo kabla ya kifo. Lazima pawe na uhusiano wa karibu, ulio hai, kati ya mateso na kifo. Kwa hiyo jaji huuliza: madai yalianza lini? Yaliwahi kukoma? Mara ya mwisho binti kuwalilia wazazi wake ilikuwa lini?