Hamisha, nakili, pakua, rusha: vitenzi vya picha zinazotoka kwenye kompyuta

Kitenzi hamisha ni kauli ya kutendesha ya hama, na anayehama huiacha nyumba tupu. Maana hiyo haipotei kitenzi kinapotumiwa kwa picha: picha iliyohamishwa kutoka kwenye kompyuta haipo tena kwenye kompyuta. Hata hivyo, mazungumzo ya kila siku pamoja na maelekezo mengi yaliyofasiriwa yamekifanya hamisha kuwa jina la kila njia ya kuifikisha picha kwenye simu, kishikwambi au runinga.

Chukulia familia ya Liuli, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, ambayo picha zake za maziko zimebaki katika kompyuta ya studio ya Mbinga mjini. Ndugu mmoja anapanda kutoka ziwani akiwa na flashi mfukoni na kusema, "Naomba unihamishie zile picha." Mhudumu anayelitii neno kama lilivyo atazikata picha na kuzibandika kwenye flashi. Flashi hiyo ikidondoka majini au ikiharibika, marehemu hana picha nyingine, na studio haina cha kurudisha. Mhudumu anayeielewa nia ya msemaji atazinakili, na picha zitakuwa mahali pawili. Wengi hufanya hivyo bila kuulizwa. Mfasiri wa kitabu cha maelekezo, lakini, hayupo dukani kusahihisha neno lake.

Nakili lina historia inayofaa kujulikana. Limetoka katika mzizi wa Kiarabu ambao huko hubeba maana zote mbili, yaani kupeleka kitu kutoka mahali hadi mahali na kuandika upya maandishi yaliyopo. Kiswahili kilichukua upande wa pili tu, na nomino nakala ikaufuata. Ndiyo maana msomaji wa Kiswahili akiambiwa "nakili picha" anajua bila maelezo kwamba asili inabaki. Lugha imetenganisha mambo ambayo Kiarabu kiliyaweka pamoja, na ni hasara kuyachanganya tena.

Kompyuta yenyewe haisaidii sana. Katika Windows, faili inayoburutwa kutoka folda moja kwenda nyingine ndani ya diski ileile huhama. Ikiburutwa kwenda diski nyingine, kwa mfano flashi, hunakiliwa. Kitendo cha mkono ni kimoja, matokeo ni mawili. Maelekezo yanayosema "buruta picha ili kuzihamisha" kwa hali zote mbili ni kweli nusu. Afadhali kuandika "buruta picha hadi kwenye flashi, nakala itaundwa, na picha za asili zitabaki."

Simu iliyounganishwa kwa waya wa USB ina neno lake la kuangaliwa. Simu nyingi za Android zinapochomekwa huchaji tu, mpaka mtumiaji achague hali ya kuhamisha faili. Hapa hamisha ni jina la hali, si ahadi ya kitakachotokea. Ndani ya hali hiyo mtu anaweza kunakili au kukata atakavyo. Mfasiri hawezi kubadili maandishi yaliyo kwenye kioo cha simu, lakini anaweza kuyaweka katika alama za mtajo na kisha, katika sentensi yake mwenyewe, kutumia nakili.

Pakua lina tabu ya aina nyingine. Mbamba Bay, makao makuu ya Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, ni bandari, na huko kupakua ni kazi ya mabega: shehena inatoka melini na meli inabaki nyepesi. Jikoni pia, kinachopakuliwa hupunguza kilichomo chunguni. Katika intaneti, kitenzi hiki kimekubalika kwa kitendo kisichopunguza chochote, kwa kuwa anayepakua picha haiondoi ilikohifadhiwa. Matumizi hayo yamekwisha kuota mizizi na hakuna haja ya kuyapinga. Lakini pakia na pakua ni jozi inayodai ijulikane meli ni ipi. Kati ya kompyuta na simu zilizo juu ya meza moja, ipi ni meli na ipi ni gati? Kwa sababu hiyo jozi hii ifungiwe kwenye intaneti, na vyombo viwili vinavyounganishwa kwa waya viachiwe nakili.

Rusha ndilo neno la vijana, na si la kudharauliwa. "Nirushie picha" husikika vijiweni, na pengine mrushaji na mrushiwaji wamekaa benchi moja. Katika maandishi rasmi tuma hutosha kwa maana hiyo. Hata hivyo tuma lina kasoro ya kiufundi inayofaa kutajwa darasani: picha inayotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora, hivyo kinachofika si nakala kamili. Ikitumwa kama hati hufika ilivyo. Basi "tuma" na "nakili" hazibadilishani hata pale ambapo asili inabaki.

Kwa runinga, rusha lina nafasi ambayo tuma haliwezi kuijaza. Vituo vya utangazaji hurusha matangazo. Mtazamaji huyaona, lakini hayabaki ndani ya runinga. Ndivyo ilivyo picha inayotoka kwenye kompyuta kwa Wi-Fi na kuonekana kwenye kioo kikubwa: ikizimwa kompyuta, runinga haina kitu. Tuma humfanya msomaji adhani kwamba runinga imepokea na kuhifadhi. Kwa waya wa HDMI hata kurusha hakupo. Hapo runinga ni kioo cha pili cha kompyuta, na onyesha linatosha. Ni flashi tu, iliyochomekwa nyuma ya runinga, ambayo hufika na picha zenyewe, na hata hizo hubaki kwenye flashi. Picha za JPEG husomwa na karibu kila runinga yenye tundu la USB. Zile za HEIC, mfumo ambao simu za iPhone ziliuanza mwaka 2017, runinga nyingi hazizisomi mpaka zigeuzwe. Kitenzi hapo ni geuza au badili, kwa kuwa picha haiendi popote.

Kuna neno jingine linalopotosha nalo ni mtandao. Wengi hudhani kwamba kurusha picha kwa Wi-Fi hula bando. Simu ikiunda mtandao wake na kompyuta ikajiunga nao, picha hupita kati ya vyombo hivyo viwili bila kugusa intaneti, jambo lenye manufaa katika vijiji ambako mawimbi ya simu ni hafifu. Mwandishi anayesema "unahitaji mtandao" bila kufafanua humzuia msomaji wa Lituhi asijaribu jambo analoweza kulifanya bure.

Mwisho, picha lenyewe. Nchini Tanzania "kuangalia picha" mbele ya runinga mara nyingi ni kuangalia filamu, na umbo la neno halibadiliki katika umoja na wingi. Picha mnato huondoa utata wa kwanza. Upatanisho wa kisarufi huondoa wa pili. Sentensi kama hii husomeka vizuri Mbinga, Mombasa na Muscat: "Zinakili picha mnato zote kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye flashi, hakikisha zimefunguka kwenye runinga, kisha ndipo uamue kama utazifuta kwenye kompyuta."