Siku saba za 'Rafiki'

Mwishoni mwa Septemba 2018, foleni nje ya ukumbi wa sinema wa Prestige, Barabara ya Ngong jijini Nairobi, ilikuwa ya kustaajabisha. Kwa kawaida filamu ya Kikenya huoneshwa mbele ya viti vitupu, na wanaoitazama ni jamaa za waigizaji. Safari hii tiketi ziliisha na maonyesho yakaongezwa. Watu waliwahi kwa sababu walijua baada ya siku saba mlango utafungwa.

Aprili mwaka huo, Bodi ya Uainishaji wa Filamu, wakati huo ikiongozwa na Ezekiel Mutua, ilipiga marufuku 'Rafiki' kwa madai kwamba inapigia debe mapenzi ya jinsia moja. Wiki chache baadaye filamu hiyo hiyo ikaoneshwa Cannes, Ufaransa, ikiwa ya kwanza kutoka Kenya kuteuliwa katika tamasha hilo. Mwongozaji, Wanuri Kahiu, alikwenda mahakamani. Septemba 21, Jaji Wilfrida Okwany alisimamisha marufuku kwa siku saba, kwa watu wazima tu, akisema haamini kwamba maadili ya Wakenya ni legelege kiasi cha kutikiswa na filamu.

Ni nini basi kilichokuwamo? Kena (Samantha Mugatsia) na Ziki (Sheila Munyiva) ni mabinti wa wanasiasa wawili wanaogombea kiti kimoja mtaani. Wanapendana. Kisa chenyewe kimetokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, 'Jambula Tree', iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007. Jina 'Rafiki' nalo lina siri yake: wapenzi wa aina hii wanapotambulishana kwa watu, neno lililo salama ni hilo.

Lakini kwangu mimi, mhusika anayeibeba filamu ni Mama Atim, mwenye kibanda cha chakula. Anapakua huku jicho liko barabarani: nani kapita na nani, kavaa nini, baba yake anajua? Hana cheo wala sare, ila habari ikishafika kwenye meza zake imeshafika mtaa mzima. Kila aliyekulia Nairobi ana Mama Atim wake, na pengine bado anadaiwa naye.

Wahakiki wengi wa nje walisifu rangi za waridi na zambarau zinazotapakaa kila kona, na jinsi mabinti wawili wale wanavyotazamana. Baadhi wakanung'unika kwamba kisa ni kile kile cha Romeo na Juliet, kimevalishwa nguo mpya. Ni kweli, kisa ni chepesi. Tena mahubiri ya kanisani yamekolezwa chumvi kupita kiasi. Hata hivyo nadhani wepesi huo ulikusudiwa. Kahiu amesema mara nyingi kwamba amechoshwa na Afrika ya vita na njaa kwenye skrini, na mtindo wake wa kuchangamka ameupa jina la Afrobubblegum. Halafu kuna Sheng, lugha ya mitaa ya Nairobi, katika mazungumzo ya wahusika. Anayesoma tafsiri chini ya picha hupata maana, ila utani humpita kama matatu iliyojaa.

Siku saba zilileta takriban shilingi milioni 3.3, fedha ambazo filamu nyingi za nyumbani huziota tu. Kinaya ni kwamba maonyesho yale yalihitajika ili 'Rafiki' iweze kufikiriwa kuiwakilisha Kenya kwenye Oscar, na kamati ikachagua filamu nyingine, 'Supa Modo'. Mwaka 2019 Mugatsia alitwaa tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwenye tamasha la filamu la FESPACO, Ouagadougou. Aprili 2020 Mahakama Kuu, chini ya jaji mwingine, ikaunga mkono marufuku ya Bodi.

Kahiu amesimulia kwamba Bodi ilimtaka abadilishe mwisho, kwani ulikuwa na matumaini mno. Wangeridhika na majuto. Akakataa. Na mwisho wenyewe, kwa wasiobahatika kuuona, hauna busu wala harusi. Kena yuko peke yake, anaangalia mji kwa mbali. Sauti inamwita. Mkono unatua begani mwake, na skrini inazimika.